Farasi Hukimbia Hata Jumanne: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Mbio za Farasi

Kwenu mnaosimamia mbio za farasi hapa nchini, wenye farasi, wakufunzi, na ninyi waheshimiwa wa serikalini mlio na dhamana ya michezo na ya wafanyakazi,

Salamu nyingi. Naandika nikiwa kibandani kwangu kando ya Ngong Road, upande wa Dagoretti Corner. Hapa nashona viatu vya shule, mikoba, zipu zilizokufa, na mara moja moja tandiko la farasi. Kabla ya sindano na uzi nilikuwa joki, mpanda farasi wa mbio, tangu 1996 hadi 2013. Waliokuwa wakija kwenye uwanja wa mbio wa Ngong Jumapili huenda wameniona mara nyingi wasinijue. Mtazamaji huona rangi za fulana ya mwenye farasi, kofia, na mgongo ulioinama. Uso wa joki anaujua saisi, mtunza farasi, anayempandisha.

Sitaji jina langu wala la mtu niliyemfanyia kazi. Sidai mtu. Katika mabosi wangu wa zamani wapo waliofariki, wapo waliohama, na mmoja bado huniletea buti zake nizipige soli na hulipa bila kubembeleza bei.

Jambo langu ni moja. Farasi wa mbio hushindana Jumapili, tena si kila Jumapili, lakini hupandwa karibu kila asubuhi ya maisha yake. Mipango yenu mizuri ya kumlinda joki anayeumia, pale ilipo, imewekewa Jumapili. Asubuhi zilizobaki joki hana jina katika daftari la mtu yeyote.

Wengi wenu huja mchana, kwa hiyo niwaeleze asubuhi ilivyo. Saa kumi na moja na nusu bado giza, na baridi ya upande huu wa Ngong mnaijua. Saisi amekwisha kumpiga farasi brashi, ametandika, amekaza mkanda wa tumbo shimo moja, na atakaza la pili ukishapanda kwa sababu farasi mjanja huvuta pumzi akalijaza tumbo. Mvuke unamtoka puani. Unaweka goti, saisi anakurusha juu. Mnaanza kwa kutembea, kisha telki, yaani mbio ndogo ndogo, mpaka misuli ipate moto. Halafu mkufunzi, au treina kama tunavyosema bandani, anakuambia umwachie wapi na kwa umbali gani. Hapo ndipo shoti, mbio za kasi yote, inapoanza. Farasi wa nasaba ya Thoroughbred, ile ya mbio, ana kilo 450, wengine 500. Akikunjua miguu anapita kilomita 60 kwa saa. Wewe una kilo 50 na kidogo, hujakaa: umesimama juu ya vikuku viwili vya chuma, magoti yamekunjwa, makalio hayagusi tandiko, pua i karibu na singa zake. Kinachokuunganisha naye ni vidole vyako kwenye hatamu. Jaribuni kufikiria bodaboda yenye uzito wa nusu tani, isiyo na breki, na yenye maoni yake.

Joki wa kazi hufanya hivyo juu ya farasi watano, sita, hata wanane kabla ya saa tatu asubuhi. Hesabuni wenyewe. Jumapili anaweza kupanda mara nne, kila mbio dakika moja na sekunde kadhaa, mbili zikiwa ndefu. Kwa wiki nzima, sehemu kubwa ya mwendo wake wote aliumaliza watu wakiwa bado wamelala.

Mimi nilianguka Jumanne, mwaka 2009. Haikuwa uwanjani. Ilikuwa kwenye shamba la mtu binafsi nje ya mji, penye njia ya nyasi ya kufanyia mazoezi, na shamba hilo silitaji. Nilikuwa juu ya farasi jike wa miaka miwili, mpole, mwenye masikio marefu kidogo tukamzoea kwa utani wa punda. Tulikuwa tumefika kama mita 400 katika shoti, na namkumbuka akipumua vizuri, kwa mpigo. Kanga wakaruka kutoka kwenye nyasi kavu mkono wa kulia. Kanga watano au sita tu, wa kawaida, wenye kelele zao. Yeye akaenda kushoto. Mimi nikaendelea mbele.

Niliangukia bega la kushoto na nikasikia mtulinga, mfupa wa juu ya kifua, ukikatika; sauti yake ni kama ya kijiti kibichi. Hilo halikunitisha, kwa maana hakuna joki aliyedumu ambaye mtulinga wake haujavunjika. Kilichonimaliza ni yeye kuteleza akijaribu kugeuka, akalala juu ya nyonga yangu, akainuka, akaondoka na tandiko limegeukia tumboni.

Saisi wetu, mzee aliyenifundisha nusu ya ninayoyajua, alikuja mbio. Akanipita. Alikwenda kwanza kumkamata farasi. Alipomshika na kumfunga, ndipo akarudi kwangu, akapiga magoti, akasema, "Pole mwanangu, usijitingishe." Sijawahi kumlaumu. Farasi yule alikuwa na bei iliyoandikwa, na angekatika mguu kwenye waya wa seng'enge, mzee angejibu maswali. Mimi nikikatika, nani angeulizwa?

Waling'oa mlango wa banda moja, wakanilaza juu yake, wakaupakia kwenye pikapu iliyokuwa na marobota ya lusani, majani ya kulisha farasi. Ngong Road ya wakati huo, kabla haijapanuliwa, mnaikumbuka. Kila tuta nililihesabu. Hospitalini, jina sina haja ya kulitaja, karani wa mapokezi alikuwa na fomu. Jina. Umri. Namba ya simu. Mwajiri. Nilinyamaza. Akarudia: unafanya kazi kwa nani? Nikajaribu kueleza kwamba farasi huyu ni wa fulani, lakini anayenipigia simu ni treina, na Jumapili nimepanda wa watu wengine wanne, na analipa anayelipa. Akapiga mstari pale penye nafasi, akaendelea na swali linalofuata. Ule mstari mdogo wa kalamu ya bluu ndio ulioniandikisha barua hii miaka yote baadaye.

Nilikaa miezi mitano bila kupanda. Mwenye farasi aliniletea kikapu cha matunda na shilingi elfu kumi, na alikuja mwenyewe, hakutuma mtu. Nasema hivyo kwa kumtendea haki. Lakini ule ulikuwa wema wake, na wema haupandi mahakamani. Mke wangu aliuza mbuzi wawili na friji. Friji ndiyo aliyoililia.

Sasa mtaniambia, na nimekwisha kuambiwa mara nyingi: joki si mfanyakazi, joki ni mtu wa kujitegemea, hupatana safari kwa safari kama mwenye teksi. Nchi hii ina Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile watu huiita WIBA. Inamtaka mwajiri amkatie bima mfanyakazi wake na inaeleza fidia ya aliyeumia. Sheria nzuri. Inaanza kwa kuuliza mfanyakazi ni nani, na hapo hapo sisi tunabaki nje ya mlango. Saisi akiumia, walau ana banda lake na mtu anayempa mshahara mwisho wa mwezi. Joki asubuhi moja amepanda farasi wa watu watano. Yupi kati yao ni mwajiri? Mwenye yule farasi aliyemwangusha? Kwa hiyo mtu mwenye mabosi watano anahesabiwa kuwa hana hata mmoja. Hesabu hiyo sijaielewa mpaka leo, na mimi hesabu za uzito na umbali nilikuwa nazifanya nikiwa kwenye shoti.

Hili si fumbo lisilo na jibu. Kule New York walilikata zamani. Kuna mfuko wa fidia kwa majoki walioumia, wenye farasi na wakufunzi wanauchangia, na sheria ya jimbo inamhesabu joki kuwa ana mwajiri hata kama siku hiyo amepanda kwa watu sita. Tena wamemtaja humo mwanagenzi, joki anayejifunza, na yule anayepanda farasi wa mazoezi asubuhi. Ule mstari wa karani wameujaza. Uingereza nako, mwaka 1964, baada ya majoki wawili, Tim Brookshaw na Paddy Farrell, kuanguka na kupooza ndani ya miezi michache, watu wa mbio walianzisha mfuko wa kuwasaidia majoki walioumia. Mfuko huo upo hadi leo na umejenga vituo vya kuwanyosha viungo. Siwaambii tuige kila kitu cha wazungu. Lakini mbio zenyewe tulizichukua kwao pamoja na mizani, rangi za hariri na kofia za akina mama. Kilichosahaulika bandarini ni bima tu?

Tena hata huko kwenye fedha nyingi mambo hayakuwa asali. Ron Turcotte ndiye aliyempanda Secretariat mwaka 1973, farasi aliyeshinda mbio kuu za Belmont, Marekani, kwa kuacha wenzake urefu wa farasi 31. Miaka mitano baadaye Turcotte alianguka kwenye uwanja huo huo wa Belmont, na hakutembea tena mpaka alipofariki 2025. Miaka 47 kwenye kiti cha magurudumu. Jina la farasi analijua hata asiyejua farasi.

Naomba nigusie uzito, kwa kuwa ndio unaotuua polepole, na huo hauna kanga wa kulaumiwa.

Joki hupimwa mara mbili. Kabla ya mbio unapanda mizani na tandiko mkononi. Ukiwa mwepesi kuliko ulivyopangiwa unaongezewa vipande vya madini ya risasi kwenye mifuko ya nguo ya tandiko. Baada ya mbio unarudi mizani ile ile na tandiko lile lile, na ukionekana umepungua, ushindi unaweza kukutoka hapo hapo huku watu wanashangilia. Kwa hiyo huwezi kudanganya mizani. Unaudanganya mwili. Nikipewa kupanda kilo 51, na mimi kwa asili yangu ni mtu wa 56, Alhamisi nilikuwa nimeanza. Asubuhi nusu kikombe cha chai ya rangi. Mchana yai moja la kuchemsha, siku nyingine kiini nampa mtoto. Jumamosi navaa mifuko miwili ya taka chini ya sweta mbili (enzi hizo mifuko ya plastiki haikuwa imepigwa marufuku), nakimbia kutoka Karen kushuka hadi Dagoretti kwenye jua la saa sita mchana, watoto wananifuata wakidhani ni kichaa. Nilitema mate ndani ya chupa ili nisimeze. Jumapili naamka midomo imepasuka, na mke wangu ananifunga kamba za viatu kwa sababu nikiinama naona nyota.

Halafu ndiyo napanda kwenye farasi wa kilo 480, nafanya uamuzi wa nusu sekunde, nipite ndani au nizunguke nje, kati ya wenzangu saba ambao nao hawajanywa maji. Mimi naamini, na sina haja ya daktari kuniambia, kwamba maanguko kadhaa niliyoyaona yalianzia jikoni siku mbili nyuma.

Fred Archer alikuwa bingwa wa Uingereza mara 13. Alikuwa mrefu mno kwa kazi hii na alijikondesha mpaka homa ikamchukua akili, akajiua 1886, akiwa na miaka 29. Tangu hapo imepita zaidi ya karne, na kijana wa leo ni mrefu kuliko babu yake. Uingereza, vyumba vya mvuke vya kujikaushia viwanjani vilifungwa wakati wa korona mwaka 2020, wakaona majoki hawajafa kwa kuvikosa, hawakuvifungua tena. Ninachoomba hapa ni kidogo: uzito wa chini uangaliwe upya na mtu anayejua lishe, na asiwe mwenye farasi. Kilo moja tu. Farasi hataihisi. Ninyi hamtaiona. Mtu mmoja atalala Jumamosi amekula.

Kwa wanagenzi nitakaa kidogo, maana wao ndio wanaonipitia kibandani.

Kijana wetu kwa kawaida hutoka kwenye familia za masaisi. Amezaliwa nyuma ya banda, amejua kuongoza farasi kabla ya kujua baiskeli. Anaonekana mwepesi, mkono wake mtulivu, anapewa wa kupanda asubuhi. Baadaye anapata leseni ya mwanagenzi, na hapo kuna kanuni moja nzuri ambayo ipo karibu kila penye mbio: anayejifunza hupunguziwa uzito farasi wake abebe kidogo, ili wenye farasi washawishike kumpa nafasi. Uingereza, kwa mfano, huanza na ratili (pauni) 7 mpaka ashinde mara 20, zinashuka kuwa 5 mpaka ushindi wa 50, kisha 3 mpaka wa 95, halafu basi, anasimama sawa na wakubwa.

Kinachofuata hakiandikwi popote. Siku punguzo linapoisha ndiyo siku simu inaponyamaza. Yule mwenye farasi aliyekusifu mkono wako alikuwa anasifu zile ratili. Anatafuta mwanagenzi mpya. Mimi nilishinda mbio yangu ya kufuzu tukapiga picha, nikanunuliwa soda, na kwa wiki sita zilizofuata nilipanda mara mbili. Nilikuwa na miaka 22, darasa la nane, na ujuzi ambao nchi nzima unatumika mahali pamoja. Limuru, Nakuru, Eldoret kulikuwa na mbio zamani, wazee wanasimulia. Sisi tumekuta Ngong peke yake. Ukikosana na watu wa Ngong utaenda kupanda nini, ng'ombe?

Afrika Kusini wana chuo cha majoki karibu na Durban tangu 1958. Kijana analala huko, anapanda, na masomo ya kawaida yanaendelea, akitoka ana kitu mkononi. Kwa njia ya namna hiyo alipatikana S'manga Khumalo, aliyeshinda mbio kubwa ya Durban July mwaka 2013 akiwa juu ya Heavy Metal, joki mweusi wa kwanza kuishinda, na msimu uliofuata akawa bingwa wa nchi. Siombi mjenge chuo kesho. Naomba leseni ya mwanagenzi iambatane na mambo mawili: awe anasoma, au amemaliza sekondari, na akifikisha miaka yake apewe cheti kinachosema huyu anajua kupanda, kutibu kwato, kulisha, kufundisha farasi mchanga kukubali lijamu, kile chuma cha mdomoni. Kwa cheti hicho anaweza kuajiriwa kwenye shule za kupanda farasi, kwenye hoteli za mbugani, hata Uarabuni wanakotafuta watu wa mikono kama yetu. Bila cheti, anafika uwanja wa ndege akijieleza kwa mdomo.

Kuna jambo la aibu ambalo sitalizunguka. Joki haruhusiwi kubeti, na ni haki. Lakini mwaka 2011, jioni moja, mtu nisiyemjua aliketi kando yangu kwa kinyozi, akasubiri mwenye duka atoke, akaniwekea bahasha juu ya magazeti. Hakusema mengi. Alitaja farasi mmoja wa mbio ya nne na akasema, "Kaza hatamu kidogo tu pale kwenye kona." Sikuichukua. Ila nawaambia ukweli, macho yangu yaliihesabu. Wiki ile sikuwa na karo, nyonga ilikuwa inaniuma, na nilikuwa nimeahidiwa farasi mmoja tu. Ninyi mnaoogopa, na mnafanya vizuri kuogopa, kwamba mbio zitanunuliwa: angalieni kwanza joki anakula nini na anategemea nini akivunjika. Askari wa kukagua na kamera ni sawa. Mtu mwenye bima na ratiba ya malipo ana cha kupoteza, na anayenunua mbio anajua hilo kuliko mtu mwingine yeyote.

Fedha zitatoka wapi? Hilo ndilo swali la kwanza la kila mkutano niliowahi kusimama nyuma. Kila farasi anayeingizwa kwenye mbio hulipiwa ada; ongezeni kiasi kidogo kiende kwenye mfuko wa majeraha na kisiguswe na mtu kwa jambo lingine. Wakufunzi nao kwa kila farasi aliye bandani. Sisi majoki tuchangie, ndiyo, nasema hivyo na wenzangu watanizomea, kwa sababu mfuko usio na jasho lako huwezi kuuliza hesabu zake. Na serikali: tangu 2018 kuna Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, na kodi za kamari zinaulisha. Mchezo ambao watu wameuwekea dau Nairobi kabla hata Nairobi haijaitwa jiji hauwezi kuambiwa hauhusiki na fedha hizo.

Na sharti langu ambalo silegezi: mfuko ulipe aliyeanguka saa kumi na mbili asubuhi ya Jumanne sawasawa na aliyeanguka mbele ya jukwaa Jumapili. Siku ya mbio gari la wagonjwa hufuata nyuma ya farasi, daktari yupo. Kwa nini kwenye mashamba na mabanda ya mazoezi, asubuhi, kusiwe na hata machela, namba moja ya simu inayoitika, na mtu mmoja kila banda aliyefundishwa asimwinue mwenye mgongo uliovunjika kama gunia la viazi? Kofia na fulana ya kukinga kifua zivaliwe mazoezini, si siku ya kupigwa picha tu. Nimeona kijana akipanda asubuhi na kofia yenye ufa, kofia nzima ameitunza kwa Jumapili. Nilikuwa na yangu namna hiyo.

Mtu akipita mjini kati kwenye Racecourse Road leo, pikipiki na mikokoteni na maduka ya spea, hakumbuki kwamba farasi walikimbia upande ule kabla mbio hazijahamia Ngong mwaka 1954. Wasimulizi wa mambo ya kale hupenda kumtaja Beryl Markham, aliyekuwa mkufunzi wa farasi hapa na kisha mwaka 1936 akarusha ndege peke yake kuvuka Atlantiki kutoka Uingereza. Uzeeni fedha zilimwishia, akapewa nyumba ndogo pale pale uwanjani Ngong, akaishi humo mpaka miaka yake ya mwisho, alifariki 1986. Walifanya vyema kumstahi. Sina kijicho na marehemu. Najiuliza tu masaisi wake walizeekea wapi.

Mimi sijazeeka. Nina mguu wa kushoto mfupi kwa kidole kimoja, nimejiongezea soli mwenyewe, fundi hakosi. Bado Jumapili nikiwa na nauli napanda matatu hadi uwanjani, nasimama pale farasi wanapotembezwa kabla ya mbio, naangalia miguu yao na sitazami ubao wa bei. Naipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kupenda kitu chochote cha kulipwa. Mtu asisome barua hii akadhani nataka mbio zifungwe. Zikifungwa, masaisi mia kadhaa watalala njaa na farasi watapelekwa nisikotaka kufikiria.

Wiki jana Jumatatu alikuja kijana mmoja, hajafika miaka 18, na mkanda wa tumbo wa tandiko umechanika karibu na kifungo. Aliutaka siku hiyo hiyo kwa sababu kesho yake alfajiri alikuwa na farasi sita. Nilipokuwa nautoboa nilimwuliza kama kwa mzaha: ukianguka kesho, hospitalini wakikuuliza mwajiri, utasema nani? Alicheka. Akafikiri. Akataja jina la farasi.

Nilimshonea mara mbili, uzi wa nta, sikumtoza.

Wenu,
Joki wa zamani, fundi viatu,
Dagoretti Corner, Nairobi